Siku tano kwenye mpaka wa Attica: kutoka Eleusis hadi ngome ya Eleutherai na kushukia Aigosthena

Siku ya 1: Athens hadi Eleusis

Mwenye gari anaweza kutoka Athens asubuhi na akafika Eleutherai kabla ya chai ya saa nne, kwani ni takriban kilomita 50 kwa barabara ya zamani ya kwenda Thebes. Attica ni nchi ya Athens; Thebes iko Boeotia, nchi jirani ya upande wa kaskazini. Ratiba hii inachukua siku tano kwa makusudi. Ngome ya mpakani ukiiendea peke yake utaona mawe tu. Kwanza ujue mkate wa walinzi ulitoka wapi, habari ziliwafikia kwa njia gani, na adui alikuwa na njia ngapi nyingine za kupita.

Anzia kwenye ukuta wa Dema, kwenye nafasi kati ya mlima Aigaleo na mlima Parnes, kaskazini-magharibi mwa jiji. Una urefu wa takriban kilomita 4.3. Kwa macho ya haraka ni boma la mawe lililoporomoka, lakini tazama jinsi lilivyopangwa: sehemu kubwa yake ni vipande vifupi vinavyopishana, na kwenye kila mpishano pana mwanya wa kutokea askari. Ukuta wa kujifungia haujengwi hivyo. Huu ni wa jeshi linalosimama nyuma yake, linamsubiri adui apande akiwa amepungua pumzi, kisha linatoka mara moja kupitia mianya mingi. Bila jeshi hilo haufai kitu. Kariri umbo lake, kwa sababu kesho kutwa utaona ukuta wa fikra iliyo kinyume kabisa.

Ukishuka uwanda wa Thria utapita matangi na mabomba ya mafuta mpaka Eleusis, inayoitwa Elefsina leo. Watu huja hapa kwa ajili ya hekalu la Demeta, mungu wa kike wa nafaka, na ibada zake za siri. Kwa safari hii kinachohusika ni kuta na maghala. Eleusis yenyewe ilikuwa mji wenye ngome, na hekalu lilikuwa na stoo za nafaka: kwa amri ya Waathene ya karne ya 5 KK, wakulima walitoa malimbuko ya sehemu 1 kwa 600 ya shayiri na sehemu 1 kwa 1,200 ya ngano.

Hesabu ya posho ifanye hapa hapa, kabla ya kupanda. Kipimo cha mtu mmoja kwa siku kiliitwa choinix, karibu lita moja ya nafaka; aliyezoea kibaba cha kwetu afikirie kibaba na kitu juu yake. Choinix 48 ni medimnos moja, ambayo kwa ngano ina uzito wa kilo 40 hivi. Chukua kikosi kidogo cha watu 50 kwa siku 30: choinix 1,500, yaani medimnos 31 na robo, kilo 1,250. Nyumbu anayebeba kilo 100 kwenye njia ya mlima anachukua medimnos mbili na nusu, kwa hiyo unahitaji mizigo 13. Hujagusa mafuta, divai, chumvi, kuni, wala shayiri ya nyumbu wenyewe. Mwezi ujao ni hivyo tena, mvua inyeshe isinyeshe.

Siku ya 2: Mandra, uwanda wa Mazi, Oinoe

Toka Elefsina mapema, upite Mandra uanze kupanda. Ukiwa Mandra angalia hali ya hewa kwa umakini. Mitaro inayoonekana mikavu mwaka mzima hujaa ghafla kutoka milimani. Tarehe 15 Novemba 2017 mafuriko yaliua zaidi ya watu 20 hapa. Wanyama wa mizigo wa zamani walipita kwenye makorongo haya haya, na msimu uliokata njia ya chakula ulikuwa ni huu wa mvua. Juu zaidi, misonobari mingi iliungua katika moto wa Agosti 2021 upande wa Vilia na ule wa Julai 2023 upande wa Mandra. Kivuli kilichochorwa kwenye ramani za miaka iliyopita usikitegemee. Beba lita tatu za maji kwa kila mtu, na kofia.

Baada ya vilima barabara inaingia uwanda mdogo wa Mazi. Ni bonde lenye rutuba, lililozungukwa na milima: Kithairon kaskazini, Pateras kusini. Anayemiliki bonde hili anavuna ngano na pia anashika barabara ya kutoka Thebes kwenda Athens na Eleusis. Kwa hiyo, ndani ya kilomita chache tu, kuna mji wenye ukuta, mnara wa jiwe katikati ya mashamba, na ngome kubwa mlimani. Mnara wa Mazi ni wa mraba, wa karne ya 4 KK. Unaonekana ukiwa barabarani na bado ni mrefu upande mmoja. Mnara wa namna hii haukuwa na kazi ya kumzuia mtu. Ulikuwa jicho lililoona kotekote bondeni, pale ambapo walio chini hawakuonana.

Oinoe ya kale iko upande wa mashariki wa uwanda, mahali panapoitwa Myoupolis. Kuta zake zimebaki vipande, na wageni wengi hupita bila kusimama. Ni kosa, kwa sababu Oinoe ina rekodi ya matukio iliyo bora kuliko jirani yake mashuhuri. Mwaka 431 KK mfalme Archidamus wa Sparta alileta jeshi la washirika wake, akaishambulia kwa mitambo na kila mbinu, akashindwa. Siku zilipita, na Waathene wakapata muda wa kuhamisha mali zao mashambani. Mfalme alilaumiwa na watu wake kwa ucheleweshaji huo. Hapo ukuta ulilipa gharama yake yote, ingawa jeshi hatimaye lilizunguka na kuiharibu Attica vilevile.

Sasa linganisha na mwaka 411 KK. Oinoe ilikuwa imezingirwa, na walinzi wake walikuwa hawapati habari za mjini. Akaja Aristarchus, jenerali wa Athens aliyekuwa amekwisha kuusaliti mji, akawaambia kwamba Athens na Sparta wamepatana na kwamba sharti mojawapo ni kuikabidhi Oinoe kwa Waboeotia. Wakamwamini, kwa kuwa alikuwa jenerali nao hawakujua lolote. Wakatoka kwa amani, ngome ikaenda. Hakuna jiwe lililoondolewa. Panakton, ngome nyingine ya mpaka huu upande wa uwanda wa Skourta, ilikuwa imepotea mwaka 422 KK kwa usaliti pia, na Waboeotia wakaibomoa kabla ya kuirudisha.

Usiku huu lala Vilia. Kijiji kiko juu, kina baridi hata mwezi wa tano, na kinaokoa mwendo wa asubuhi.

Siku ya 3: ngome ya Eleutherai

Wenyeji wanaiita Gyftokastro. Iko juu ya kilima mahali ambapo barabara inaanza kupenya Kithairon kwenye kipito cha Kaza. Panda saa moja asubuhi. Sababu ya kwanza ni joto. Ya pili ni mwanga: jua la chini linapopiga ukuta kwa pembeni, kila alama ya patasi huonekana, na saa sita mchana uso wa mawe unakuwa bapa kama karatasi. Vaa viatu vigumu na suruali ndefu, kwani miiba ni mingi na nyoka wa Ugiriki hupenda kuota jua juu ya mawe. Kukimbia hakuna haja. Piga mguu chini kwa kishindo kabla ya kukanyaga kifusi.

Chini ya kilima, kabla ya kupanda, kuna mabaki ya mji wenyewe wa Eleutherai na ya makanisa mawili ya basilika ya Wakristo wa mwanzo. Kutoka mji huu, kwa mapokeo ya Waathene, ilitoka sanamu ya mbao ya mungu Dionisi Eleuthereus iliyopelekwa Athens, na kwa heshima yake ndipo tamthilia zilipochezwa kwenye mteremko wa Akropoli. Mchongaji Myron naye alihesabiwa kuwa wa hapa. Watu wa Eleutherai walihamia upande wa Athens kwa hiari, si kwa vita. Pausanias, msafiri na mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2 BK, anaandika kwamba walifanya hivyo kwa kuwachukia Wathebe. Usikae sana chini hapa, jua linapanda.

Mzunguko wa ukuta ni takriban mita 860, ukikumbatia eneo la umbo refu, karibu mita 300 kwa 100. Upande wa kaskazini ndio uliosalia vizuri, na ndio wa kuanzia. Ukuta una unene wa mita 2.6 hivi na sehemu nyingine umesimama kati ya mita 4 na 6. Minara inauzidi.

Anayejua kazi ya uashi atazame mambo haya kwa mpangilio. Kwanza kozi, yaani safu za mawe. Mawe ya chokaa ya kijivu yamechongwa na kulazwa kwa kozi zinazokwenda mlalo, ila viungio vya wima si vyote vya mraba. Vingi vina mshazari kidogo. Huo si uzembe. Jiwe linalotoka machimboni likiwa na ubavu wa mshazari, ukilinyoosha liwe mraba unapoteza nyama yake nyingi. Ukimchongea jirani yake mshazari ule ule, unaokoa jiwe na siku ya kazi, na mawe yanabanana. Pili, hakuna lipu wala saruji ya aina yoyote. Uzito ndio unaoshika. Tatu, kata ya ukuta: nyuso mbili za mawe makubwa, ya nje na ya ndani, na katikati kifusi kilichochanganywa na udongo. Kila baada ya hatua kadhaa utaona jiwe linaloonyesha kichwa tu. Hilo limelazwa kwa urefu kuingia ndani, likizishona nyuso mbili pamoja.

Mahali ambapo mafundi walipunguza mawe haya ya kushona ndipo ukuta unapokufa kwanza. Ukitembea nje ya ukuta tafuta sehemu iliyotoka tumbo. Kinachotokea ni hiki: sakafu ya juu, ambapo walinzi walitembea, ikipasuka, maji ya mvua yanaingia kwenye kifusi. Udongo unalowa, unavimba, baridi ya Januari inaugandisha, na uso wa nje unasukumwa milimita baada ya milimita. Hatimaye kozi za juu zinamwagika zikiwa zimeshikana, na chini unaona rundo la mawe yaliyolala kwa mpangilio ule ule yaliyokuwa nao ukutani. Waliojenga walilijua tatizo. Ndiyo maana chini ya ukuta kuna matundu ya kutolea maji yaliyoachwa kwa makusudi, kuruhusu maji ya ndani ya boma yatoke bila kupita kwenye kifusi. Tundu likizibwa na mizizi ya mti mmoja tu, hesabu miaka.

Minara ya kaskazini ni ya mraba na ilikuwa na ghorofa. Ingia ndani ya ule uliosalia vizuri zaidi uinue macho: matundu yaliyopangwa mstari mmoja kwenye kuta ndiyo yaliyobeba boriti za sakafu ya juu. Chumba cha chini kinaingiliwa kwa mlango wa ndani ya boma. Cha juu kilifikiwa pia kutoka kwenye njia ya juu ya ukuta. Chini hakuna madirisha, na mwanga ni kidogo. Juu ndipo penye nafasi za kurushia, na ukubwa wake unaonyesha kwamba zilikusudiwa manjaniki ndogo za kurusha mishale mizito, wala si upinde wa mkono peke yake. Silaha hizo zilikuwa mpya. Mafundi wa Dionysius, mtawala wa Sirakusa, waliziunda mwaka 399 KK, na mnara wenye chumba cha kuziweka ni dalili nzuri kwamba jengo ni la karne ya 4. Silaha ya mbao, kano na uzi haitaki unyevu. Kwa hiyo minara ilihitaji paa la vigae, na paa lilihitaji fundi wa kulipitia kila mwaka. Hapo ndipo bajeti ya ngome huvuja. Ukuta hausumbui miaka hamsini. Paa linasumbua kila masika.

Nani aliijenga? Wasomi wamegawanyika. Wengi kwa muda mrefu waliona mkono wa Athens, ila wapo wanaotoa hoja nzito kwa ajili ya Waboeotia, katika miaka ambayo Thebes ilikuwa na nguvu, baada ya mwaka 371 KK. Utafiti wa uwandani uliofanywa Mazi kati ya 2014 na 2017 umerudisha swali hilo mezani kwa nguvu mpya. Kwa anayetembea ukutani swali si la kitaaluma tu: ukiwa juu, pima mwenyewe kwa macho ni barabara ipi inayotishwa zaidi, ile ya kutoka Boeotia au ile ya kutoka Attica. Jibu halitakuridhisha, maana zote mbili ziko chini ya mishale. Ngome hubadili mmiliki bila kugeuka.

Ndani ya boma, tafuta mabaki ya jengo lenye mawe ya pembe nyingi yasiyofuata kozi. Ni la zamani kuliko ukuta, kwa hiyo kilima kililindwa kabla ya ngome hii kubwa. Kisha nenda lango la magharibi, ambalo ndilo kubwa. Ni lango la milango miwili yenye ua mdogo katikati: aliyevunja wa kwanza anajikuta kama yuko kisimani, akipigwa kutoka juu pande zote.

Lango lilifungwa kwa boriti iliyolala kwenye matundu ya pande mbili. Ili asiyehusika asiiondoe, pini ya chuma iliyoitwa balanos ilitumbukia kutoka juu, ikapita kwenye boriti, ikazama kabisa, na haikutoka bila chombo maalumu cha kuinasia. Aineias, aliyeandika juu ya ulinzi wa miji katika karne hiyo ya 4, ana orodha ndefu ya hila za kuidanganya. Mojawapo ni rahisi mno: mlinzi aliyehongwa anamwaga mchanga ndani ya tundu wakati wa kufunga, pini inabaki juu bila kuzama, na usiku anaitikisa boriti taratibu mpaka pini inatoka. Kila anayesimama hapa akistaajabia unene wa ukuta akumbuke konzi ya mchanga.

Nani walikaa humu? Upande wa Athens, baada ya mageuzi ya miaka ya 330 KK, kijana akifika miaka 18 alitumikia miaka miwili. Mwaka wa kwanza alikaa vituo vya bandari ya Piraeus. Mwanzoni mwa wa pili alionyesha mazoezi yake mbele ya wananchi, dola ikampa ngao na mkuki, kisha akapelekwa kuzunguka nchi na kukaa vituo vya ulinzi. Posho yake ilikuwa oboli 4, sarafu ndogo za fedha, kwa siku. Kiapo chao kiliita mashahidi, na baada ya miungu walitajwa mipaka ya nchi, ngano, shayiri, mizabibu, mizeituni na mitini. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa juu ya mnara, na Mazi yote ikiwa chini yako, haisikiki kama ushairi. Ni hesabu ya stoo.

Maji yafikirie kabla ya kuteremka. Watu 50 kwa lita 4 kila mmoja ni lita 200 kwa siku, mbali na wanyama. Kilima cha mawe ya chokaa hunywa mvua kama chujio. Kilichokosa tangi kilitegemea chemchemi za chini, na chemchemi ya chini ndiyo kitu cha kwanza anachokalia adui.

Siku ya 4: kipito, Erythres, Plataia

Leo vuka. Barabara inapinda mara nyingi kupita Kaza, kisha Boeotia inafunguka ghafla, tambarare mpaka Thebes. Kipito hiki au kimojawapo cha jirani zake ndicho Waathene walichokiita Vichwa vya Mwaloni, na Waboeotia Vichwa Vitatu. Mwaka 479 KK, majeshi ya Wagiriki na Waajemi yakiwa yametazamana karibu na Plataia, Mthebe mmoja alimshauri Mardonius, jemadari wa Waajemi, aache kutazama mstari wa mbele, afunge vipito, kwa sababu Wagiriki walikuwa wakiongezeka kila siku. Wapanda farasi walitumwa usiku. Walikamata wanyama 500 wa mizigo waliokuwa wanashuka na chakula kutoka Peloponnese. Rudia hesabu ya Eleusis: kwa medimnos mbili na nusu kila mnyama, huo ni mkate wa siku moja wa watu 60,000. Hawakupigana na jeshi, walilinyima chakula.

Plataia ina magofu mapana na watalii wachache. Tenga saa mbili za kuzunguka ukuta wa mji. Kisha simama upande unaotazama Kithairon uifuate kwa macho njia ya waliotoroka majira ya baridi ya mwaka 428/7 KK, wakati mji ulipokuwa umezingirwa na Wasparta kwa kuta mbili. Maandalizi yao ni somo la vipimo. Ngazi zilitakiwa ziwe na urefu kamili wa ukuta wa adui, na hawakuweza kuufikia. Walitafuta mahali ambapo matofali hayakupakwa lipu vizuri, watu wengi wakahesabu kozi kwa wakati mmoja, wakarudia mara nyingi, wakachukua idadi iliyowaangukia wengi, wakaizidisha kwa unene wa tofali. Usiku wa mvua, upepo, bila mwezi, walitoka wakiwa wametengana ili silaha zisigongane. Walivaa kiatu mguu wa kushoto tu, wasiteleze kwenye matope. Hata hivyo kigae kimoja kilianguka kutoka juu ya ukuta, na kelele ikawaamsha walinzi.

Kilichowaokoa baada ya hapo kinahusu ngome yetu moja kwa moja. Hawakuelekea Kithairon. Walishika barabara ya Thebes, ya kwenda kwa adui, kwa stadia 6 au 7, zaidi kidogo ya kilomita moja, huku wakiiona mienge ya Wasparta ikiwatafuta kwenye njia ya Vichwa vya Mwaloni. Ndipo wakapinda kuelekea Erythrai na Hysiai, wakaingia mlimani, wakafika Athens watu 212. Aliyefunga kipito kikuu alikuwa amefunga kipito kikuu tu.

Wasparta walijifunza somo hilo kwa upande mwingine. Majira ya baridi ya mwaka 378 KK mfalme Cleombrotus aliikuta barabara ya Eleutherai ikilindwa na Chabrias, jenerali wa Athens, na askari wepesi. Hakujaribu. Akapanda njia ya Plataia, ambako Thebes ilikuwa imeweka watu 150 hivi waliofunguliwa gerezani, na karibu wote wakauawa. Barabara iliyolindwa na wanaojua kazi ilikwepwa; iliyolindwa na waliokusanywa haraka ilivunjwa. Kwa miguu, njia hizi zote zinaweza kupitwa kwa siku moja na mtu mwenye afya, lakini usiende peke yako na usitegemee simu kwenye mabonde.

Siku ya 5: Vilia, Aigosthena

Rudi kusini kupitia kipito, pinda Vilia, kisha shuka kona baada ya kona mpaka Porto Germeno, kwenye ncha ya mashariki ya Ghuba ya Korintho. Kagua breki kabla ya mteremko. Mnara wa Aigosthena utauona kabla ya kijiji.

Aigosthena ilikuwa ya Megara, mji jirani wa Attica upande wa magharibi. Ngome ya juu imejengwa kwa ustadi unaofanana na wa Eleutherai, na kuta mbili zilishuka kutoka kwake mpaka baharini. Mnara wa kona ya kusini-mashariki ulisimama zaidi ya mita 18 kwa karne ishirini na tatu. Tetemeko la tarehe 24 Februari 1981 liliangusha sehemu ya juu. Katika miaka ya 2010 mafundi waliurudishia mawe yake. Kazi kama hiyo huanza chini, kwenye majani: kila jiwe lililoanguka linapimwa na kupewa namba, na linatafutiwa jirani yake kwa kulinganisha mshazari wa ubavu. Kiungio kile cha mshazari kilichookoa muda wa mwashi wa kale ndicho kinachomsaidia wa leo, maana mawe mawili ya mraba yanaweza kubadilishana nafasi bila mtu kujua, ila ya mshazari hukubali mwenzake mmoja tu. Jiwe jipya huwekwa pale tu ambapo la zamani limepasuka kiasi cha kutobeba mzigo, na utaona tofauti ya rangi.

Kaa ufukweni ugeukie kaskazini, kwenye mlima unaoangukia bahari. Huko ndiko Cleombrotus alikopita akirudi mwaka ule ule wa 378, akitoka Kreusis, bandari ya Boeotia. Upepo uliopiga ulikuwa mkali kiasi cha kuwasukuma punda magengeni pamoja na mizigo yao, na ngao nyingi zikapokonywa mikononi zikatua majini. Walioshindwa kusonga mbele waliziacha ngao zao kwenye kilele, zimelazwa chali, zimejazwa mawe. Walikula walichopata hapa Aigosthena, kisha kesho yake wakapanda tena kuzichukua. Miaka saba baadaye, baada ya kushindwa na Wathebe huko Leuktra mwaka 371 KK, jeshi la Sparta lilishuka njia hiyo hiyo usiku.

Upepo huo bado upo, hasa mchana. Ukipanda ukutani, kofia iwe na kamba, na mfuko wa kamera usiuweke ukingoni.